Maisha ya Mama Odeta Okomo, Mkausha Mabondo wa Igogo

Mama yetu Odeta Aloo Okomo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 Kinesi, mkoani Mara, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1977 hadi 1983. Mwaka 1990 alihamia Mwanza, akapara samaki kiwandani, na tangu 2004 alikausha mabondo pale Igogo, vile vifuko vya hewa vya sangara, akiwauzia wanunuzi kutoka China, ambao walimwamini kwa kuwa hakuwahi kuuza bondo lenye unyevu.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Ndugu Gidion Okomo, wakajaliwa mabinti watatu, Precious, Justa na Favour, na wajukuu watano.

Januari 2024 macho yake yaligeuka manjano, mgongo ukamuuma, na tarehe 5 Februari hospitali iligundua saratani ya kongosho, bado ndogo, akapangiwa upasuaji tarehe 26. Katika siku hizo mnunuzi wake mmoja, kwa moyo mwema kabisa, alimletea unga wa mizizi na magome ambao kwao hutumika tangu enzi za mababu. Mama hakumficha daktari, naye alimweleza kwamba dawa zinazokamuliwa kwenye mimea ya namna hiyo zinachunguzwa maabara, nyingine zimedhoofisha seli za saratani ndani ya vichupa, lakini hakuna iliyothibitishwa kumponya mgonjwa wa kongosho, akamsihi asiiache tarehe yake.

Mama aliiacha. Alisema ugonjwa ni kama bondo, ukiharakishwa unaoza kwa ndani, acha ukauke taratibu, na Favour aliyekuwa akimkorogea ule unga kila asubuhi hakuthubutu kumbishia mama yake. Alipokubali kurudi, tarehe 20 Mei, saratani ilikuwa imeingia kwenye ini na upasuaji haukuwezekana tena, akawekewa dripu za dawa mpaka mwili ukakataa, akafariki nyumbani Nyegezi tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia uji, wakausha mabondo wenzake, na mnunuzi yule, ambaye yuko nasi hapa na ambaye Mama alikataza asilaumiwe.

Sehemu ya ugonjwa imesomwa yote kwa agizo lake mwenyewe, ili mwenye macho ya manjano aliyeketi hapa leo aende hospitali kesho, na akipewa tarehe, aishike.

Mama, maumivu yamekwisha, pumzika.