Neno Alilolifuta Bibi Evelina kwa Kinywa Chake

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, Mzee Omari na ndugu zetu mliotoka msikitini, majirani na wote mliopanda mlima huu kuja kutufariji, wakubwa zangu shikamooni, na Bwana Yesu asifiwe, kwa sababu hata siku ya leo ni yake. Mimi ni mjukuu wa marehemu, mtoto wa Klara, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu Bibi mwenyewe aliniandikia katika daftari lake kwamba historia yake niisome mimi, niisome yote, pamoja na neno baya alilowahi kulisema, na nisiliruke hata mama akinikonyeza.

Marehemu Evelina Sefania Shehoza alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji hiki, juu ya Mlalo, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba, akabatizwa mwezi Juni mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1962, akaishia darasa la nne kwa sababu mama yake aliumwa na shamba lilihitaji mikono, lakini hakuacha kusoma, na kuanzia mwaka 1971 hadi 1978 alifundisha kisomo cha watu wazima, akiwafundisha hata wajomba zake kuandika majina yao.

Tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na marehemu babu yetu, Sefania Shehoza, katika kanisa la Kilutheri hapa Mlalo, wakajaliwa watoto wawili, Heri aliyezaliwa mwaka 1976 na Klara aliyezaliwa mwaka 1981. Walilima kabichi, maharage na viazi, na Babu alipanda miti kumi na moja ya plamsi chini ya nyumba, ambayo Bibi aliendelea kuitunza baada ya Babu kufariki mwaka 2009.

Kwa miaka thelathini na mitano, tangu 1980 hadi 2015, Bibi alifundisha watoto siku za Jumapili, lakini kazi ambayo wengi wenu mnamjua nayo haikuwa na cheo, ilikuwa kazi ya kubariki. Kijana akipata nafasi chuoni, mama akikaribia kujifungua, dereva akinunua gari, walipita kwanza kwa Bibi, naye aliwawekea mkono kichwani na kusema, "Nenda salama, urudi salama, mimi nimesema na Mungu amesikia." Alituambia kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa kusema tu, na ametupa sisi kinywa, kwa hiyo tusikitumie ovyo. Mzee Omari, jirani yake na mtani wake, alikuwa akimwambia, "Wewe Evelina ukisema mvua inakuja, mimi naanua maharage yangu hapohapo, sisubiri wingu."

Ndiyo maana neno lile lilikuwa zito. Jumamosi tarehe 16 Novemba 2013, Bibi akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, mjomba Heri alikata miti yote ya plamsi ili apate eneo la viazi, bila kumuuliza, na Bibi aliporudi akakuta plamsi zimetapakaa chini zikiwa bado mbichi, akasimama uani, mbele ya majirani watano, akasema, "Heri, toka hapa, na mguu wako usikanyage uwanja huu mpaka siku ya kunizika." Mjomba alichukua begi moja, akaenda Kwamkoro, akapata kazi kwenye mashamba ya chai, akaoa hukohuko, akapata watoto wawili, ambao Bibi aliwajua kwa sauti za kwenye simu tu.

Bibi aliandika kwamba miaka minne ya kwanza ilikuwa kiburi chake mwenyewe, na tusimtafutie sababu nyingine. Mwaka 2017 alimpigia mjomba simu akamwambia amesamehe na arudi, lakini mjomba alijibu, "Mama, mimi sina kinyongo, lakini ulisema nitarudi siku ya kukuzika, nikikanyaga hapo nitakuwa nimekuja kukuua." Hofu yake haikuwa ya kitoto, kwa sababu kwetu neno alilolisema mzazi uani mbele za watu haliondolewi kwa simu wala kwa barua, linaondolewa na kinywa kilekile, palepale, na waliolisikia wakiwapo. Bibi alitaka kuliondoa na mjomba aliogopa kuja, ikapita miaka mingine saba.

Mwezi Julai mwaka 2024 sauti ya Bibi ilianza kukwaruza, akawa hawezi kumeza ugali, na mwezi Agosti madaktari walimkuta na saratani ya koo, wakamweleza kwamba upasuaji unaweza kumwongezea siku, ila sauti itaondoka na haitarudi. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nipo nyumbani, kwa hiyo ndimi niliyempeleka hospitali, nikamsikia akimwambia daktari, "Mwanangu, utanikata, lakini kwanza kuna neno nimeliacha nje, nikaliingize." Alielewa kwamba sauti ikitangulia kuondoka, neno lile litabaki limesimama milele.

Aliyemleta mjomba ni Mzee Omari, ambaye alimpigia simu akamwambia, "Heri, mimi ndiye niliyesikia siku ile vizuri kuliko wote, njoo, la sivyo nitakuja huko Kwamkoro nikubebe mgongoni kama gunia la viazi." Jumamosi tarehe 7 Septemba 2024 mjomba alifika, akasimama nje ya ua wa masale na mke wake na watoto, akakataa kusogea. Mashahidi watatu walikuwapo, Mzee Omari, Mama Scholastica na Mzee Hezekia, na wawili waliotangulia mbele za haki waliwakilishwa na watoto wao. Bibi alisimama palepale, akasema kwa sauti iliyobaki kama upepo, "Neno nililomwambia Heri hapa nimelifuta, kwa jina la Yesu." Mzee Omari akaweka mkono sikioni, akasema, "Sijasikia!" Bibi akarudia, Mzee Omari akasema, "Bado, shahidi hajasikia!" Watu wakaanza kucheka, Bibi naye akacheka, akavuta pumzi, akapaza sauti hadi wa barabarani wakageuka, "Neno nimelifuta! Heri mwanangu, ingia, nami ni mzima!" Hapo Mzee Omari akasema, "Sasa nimesikia, na Mwenyezi Mungu amesikia, kijana ingia." Mjomba aliingia akiwa analia, na Bibi akawawekea mikono vichwani wajukuu wake wawili, mmoja baada ya mwingine, akiwabariki kwa sauti yake mwenyewe.

Upasuaji ulifanyika tarehe 16 Septemba 2024, na Bibi hakusema tena, akawa anaandika katika daftari nami nasoma kwa sauti. Lakini ndugu zangu, mjomba alikanyaga uwanja huu na Bibi hakufa, akaja tena mwezi uliofuata na Bibi hakufa, alikuja mara kumi na tano, na kila mara Bibi alimpokea mlangoni akipiga makofi, na mwaka jana walipanda pamoja plamsi nyingine. Neno la hasira lilishindwa, likashindwa mchana, mbele ya mashahidi.

Ugonjwa ulirudi mwezi Desemba 2025, na Alhamisi tarehe 22 Januari 2026, saa nne asubuhi, Bibi alifariki nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Heri. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioheshimu siku alizoomba kabla ya upasuaji, mchungaji na akina mama wa usharika waliomwimbia alipokuwa hawezi kuimba, walimu wenzake wa Jumapili, Mama Scholastica aliyeleta uji kila asubuhi, na Mzee Omari, ambaye leo amesikia kila kitu bila kuomba kirudiwe.

Bibi, mwanao hakungoja siku ya kukuzika ndipo aje, alikuwapo tayari. Pumzika kwa amani, Heri yuko nyumbani.