Mama Aliyerudi Kubisha Mlango

Katika basi la kwenda Sigor, mbele ya msichana Chepkurui walikaa watu wawili waliokutana humo humo: Jentrix, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, na mzee Bethwel, mkulima wa Merigi. Walikuwa wakiujadili mchezo wa mapenzi wa televisheni, ambamo mwanamke alimwacha mtoto mchanga akamfuata mwanamume mwingine, na sasa amerudi kubisha mlango.

"Huyo afungiwe nje," mzee alisema. "Hata ng'ombe hawezi acha ndama yake."

"Lakini mzee, si uliona vile bwana yake alikuwa anamchapa?"

"Niliona. Basi angeenda na mtoto."

"Angeenda na yeye wapi? Hata yeye hakuwa na mahali pa kulala."

Chepkurui aligeukia dirisha. Yeye alilelewa na nyanya yake. Mama yake aliondoka kabla hajajua kutembea, na leo alikuwa anakwenda kumwona kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikuwa ameambiwa kwamba aliachwa. Kwa nini aliachwa, hakuna aliyesema, naye hakuuliza.

"Na huyo mtoto atamwambia nini?" Jentrix aliuliza.

"Hiyo bado hawajaonyesha," mzee akajibu.

Basi likasimama Sigor. Mwanamke mmoja alikuwa mbele ya duka, akimkagua kila msichana aliyeshuka. Chepkurui alimjua kwa paji la uso, kwa maana lilikuwa lake mwenyewe. Akamwendea, akampa mkono. Kumkumbatia hakuweza, lakini mkono hakuuachilia.