Kasha Linalovuma

Kijiwe chetu kiko Nyahanga, Kahama, mbele ya banda la Masudi, fundi wa simu na kompyuta tunayemwita Waya. Ni benchi moja la mbao, kreti mbili za soda, na birika la Januari muuza kahawa katikati. Saa nne asubuhi, malori ya mchele yakishapita, vumbi hutulia polepole, jua linapita ndani yake, na mtu anaweza kukaa pale akasahau alikokuwa anakwenda. Jumamosi ile Enock alikaa na makasha mawili ya kompyuta miguuni, yote matupu, akiyatazama kwa zamu. Tunamwita Siku Tatu. Miaka sita iliyopita alifukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu kule Kharumwa, akatolewa siku ya tatu, na tangu hapo hajashuka tena. Sasa anachora kadi za harusi kwa kompyuta ya kuazima. Mwaka mzima amekusanya vifaa vya kuunda ya kwake, kimoja kimoja, na kilichobaki ni kasha la kuvitia.

— Mke wangu Salome amenipa nafasi pembeni ya cherehani yake, alisema Enock. Shibiri moja na nusu. Likizidi hapo, hana pa kupitishia kitambaa.

— Yote mawili yanaenea, alisema Masudi. Lakini chukua hili la lita nane.

Sostenes akainua uso. Huyu tunamwita Utafiti, kwa sababu hana hoja isiyokuwa na utafiti.

— Lita? Kwani kompyuta inakunywa nini?

— Hainywi. Ni nafasi ya ndani. Makasha madogo yanapimwa hivyo, kama dumu.

— Utafiti unaonyesha kitu kinachopimwa kwa lita lazima kivuje.

Masudi alifungua kasha la kwanza, akatuonyesha sponji nyeusi iliyobandikwa ndani ya bati.

— Hili limezibwa vizuri. Feni yake kubwa, inazunguka taratibu. Utasahau kama umewasha. Hilo la pili lina matundu kila upande, feni yake ndogo inakimbia mno. Linapumua vizuri, ila linavuma.

— Kimya kingi kina mshindo, alisema Januari huku akimimina kahawa. Ndiyo maana betri za simu zinalipuka.

— Wabeja, alisema Sostenes akipokea kikombe. Lakini hazilipuki kwa kimya. Zinaota. Utafiti unaonyesha mashine isiyosikika inaota. Ukiizima ghafla, kesho yake inakutolea kadi za harusi za watu ambao hawajachumbiana.

— Hilo kweli, alisema Januari. Binamu yangu wa Runzewe alipata kadi yenye jina lake. Akaenda kumtafuta bibi harusi.

— Akampata?

— Bado anatafuta. Mvumilivu hula mbivu.

Mimi nikasema matundu yote yale ni mlango wa vumbi, na vumbi la hapa linaingia hata kwenye yai.

— Unaweka chujio, alisema Masudi, unalipangusa kila wiki. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki anaingiaje hapo?

— Vumbi likishakauka halikunjiki.

Mama mmoja alikuwa amefika na simu yenye kioo kilichopasuka. Tukampa shikamoo, akaitikia, akasema anaitwa Agnetha, mfanyabiashara wa mchele. Masudi akaichukua simu, mama akakaa mwisho wa benchi kusubiri.

Enock alikuwa hasikilizi samaki wala vumbi. Aliichukua ile feni ndogo ya kasha la pili, akaiunganisha na umeme wa Masudi, akaishika karibu na sikio. Ikavuma. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu.

— Nachukua hili, alisema Enock.

— Litakuchosha, alisema Masudi. Chumba kimoja, kelele mchana kutwa.

— Halinichoshi.

Akaizima, akaiweka magotini. Miaka yote ile alikuwa ametusimulia kiu na giza tu. Siku hiyo akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini.

— Kule chini mpira wa hewa haukubanwa na mawe. Juu kulikuwa na feni ya jenereta inasukuma hewa. Ikivuma, nilijua bado wananihesabu mzima. Siku ya pili ikanyamaza. Nikasema basi, wamekata tamaa. Halafu ikaanza tena, lakini siyo ile. Inakwenda, inachoka, inapungua, inarudi. Nikajua petroli imeisha, mtu anazungusha kwa mkono. Nikawa nasinzia, namwota mama anapepeta mtama, upepo wa ungo unanifika usoni. Ikinyamaza, naamka. Ikirudi, nalala.

Januari alikuwa ameshika birika, hamimini.

— Mpaka leo kwenye kimya siwezi kushika kazi, alisema Enock. Salome anajua. Ndiyo maana anataka tukae meza moja, cherehani ilie karibu yangu.

Mama Agnetha alikuwa amegeuka kumtazama.

— Aliyekuwa anazungusha alikuwa mtu mmoja?

— Mmoja, mayu. Mkono ni ule ule. Kila akifika mahali fulani alipumzika kidogo, halafu anaendelea. Mpaka waliponifikia.

— Siku nzima na zaidi, mtu mmoja?

— Ndiyo.

— Alikuwa nani?

Enock akatutazama sisi, kana kwamba mmoja wetu alikuwepo. Masudi akainamia simu. Sostenes aliangalia ndani ya kikombe chake, wala hakuwa na utafiti.

— Nilitolewa nimezimia, alisema Enock mwishowe. Nikazindukia hospitali. Ndugu zangu wakanileta huku moja kwa moja.

— Na hukuwahi kuuliza?

— Sikuwahi.

Mama alikunja mikono mapajani, akasubiri simu yake. Enock aliirudisha feni ndani ya kasha la matundu, akalifunga kwa vidole viwili, taratibu, kisha akalisogeza mlangoni kwa Masudi.

— Hili nitunzie, alisema akisimama. Magari ya Kharumwa siku hizi yanaondokea wapi?