Mwalimu Filemoni Hiza na Sinema za Mambo Yajayo (1936–1979)

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mlima huu kutusindikiza, huyu tunayemlaza leo ni kaka yetu, Mwalimu Filemoni Hiza. Alizaliwa hapa Dindira tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Jonathan Hiza na Mama Salome. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakuchelewa kutembea wala kusema, alichelewa kulala tu, maana kila hadithi ilipoisha aliuliza, "Halafu?"

Alianza shule ya misheni hapa hapa mwaka 1945, akaendelea na shule ya kati Korogwe, na mwaka 1956 akahitimu ualimu. Kituo chake cha kwanza kilikuwa shule ya watoto wa wafanyakazi wa shamba moja la mkonge, huko bondeni.

Huko ndiko alikokutana na sinema. Karani wa shamba, Bwana Valerian, alizipenda kupita kiasi. Aliazima mikanda Tanga na kuionyesha kwenye uwanja wa mpira, juu ya shuka jeupe. Zilikuwa sinema za mambo yajayo, na nyingine zilitisha hata wazee wa kanisa wakawakataza vijana wao kwenda. Kwa kuwa zilisema Kiingereza, Filemoni alisimama kando ya shuka akizitafsiri kwa sauti. Tatu hakuzisahau maisha yake yote. Moja ilihusu dawa ya kuondoa usingizi, watu wakafanya kazi usiku na mchana hadi wakasahau majina ya watoto wao. Wakata mkonge waliitazama ile bila kupiga hata mluzi. Nyingine ilikuwa ya wageni kutoka nyota ya mbali, waliotua duniani kuomba maji, wakapigwa risasi. Katika ile ya tatu jua lilizidi ukali, na watu wote wakaamriwa kuhamia miji iliyochimbwa chini ya ardhi.

Ile ya wageni ilimuuma sana. Iliporudiwa, bunduki zilipoanza kulia, yeye akatangaza kwamba hizo ni fataki za kuwakaribisha, na maji wamekwisha kupewa. Uwanja mzima ulishangilia. Bwana Valerian akamfuata, "Mwalimu, mbona wameanguka?"

"Wamelala," akajibu. "Wametoka mbali."

Watu wa shamba walimtania kwa jambo hilo miaka mingi.

Tarehe 25 Novemba 1961, wiki mbili kabla ya Uhuru, alifunga ndoa na shemeji yetu Damari. Mungu akawajalia watoto wawili, Habakuki na Eliwaza. Mwaka 1966 alihamishiwa Misima, wilayani Handeni, na huko akaanza kutunga hadithi zake mwenyewe. Wageni wake wa nyota walitua katika mbuga kavu za Handeni, na wafugaji ndio waliowaonyesha kisima. Wengine walimwona kama amechanganyikiwa. Jioni walikuja kusikiliza hata hivyo.

Mwaka 1974 likaja agizo la kuhamia vijiji vya Ujamaa, na walimu wakatakiwa kusaidia. Filemoni aliamini kazi ile. Alitaka watoto wawe karibu na shule, na wagonjwa karibu na zahanati. Lakini walipofika kwa Bibi Mwantumu Sadala, walimkuta ameketi kando ya kaburi la binti yake, hataki kuondoka. Lori linanguruma, vyombo vyake vimekwisha kupakiwa. Filemoni akamshika mkono.

"Shikamoo, bibi. Panda. Nitakurudisha uje kuzuru."

Bibi akapanda. Filemoni hakumrudisha, shughuli za kijiji kipya zilikuwa nyingi, na siku zikapita.

Jambo hilo ndilo lililozaa kitabu chake cha pekee, *Walioshuka Chini*. Aliichukua ile sinema ya jua kali akaifanya yetu. Magari yanawapeleka watu mijini chini ya ardhi, ila mwanamke mmoja anakataa kuliacha kaburi la mwanawe, na magari yanaondoka bila yeye. Kabla ya kuupeleka mswada popote, alimsimulia Bibi Mwantumu.

"Akabaki?" bibi akauliza.

"Akabaki, bibi."

"Vizuri."

Wachapishaji waliipenda hadithi, lakini wakaona mwisho wake utawavunja watu moyo. Walitaka mwanamke apande gari akicheka, akalakiwe na jirani zake. Kaka alitamani mno kuona kitabu chenye jina lake. Akakubali. Shemeji Damari akamwuliza, "Nawe umeridhika?"

"Ni ukurasa mmoja tu," akasema.

Kitabu kilitoka mwaka 1977. Alikwenda nacho kwa Bibi Mwantumu, akamsomea chote. Alipomaliza, bibi akauliza:

"Nani kampandisha?"

"Ni mimi, bibi."

"Basi umenipandisha mara mbili."

Hakusema kwa hasira. Akainuka, akamletea maji ya kunywa kama anavyoletewa mgeni yeyote.

Tangu siku hiyo kaka hakupata raha na kitabu chake. Aliomba mwisho wa kwanza urudishwe, akaambiwa asubiri chapa ya pili, nayo haikuja. Hakuandika tena. Aliposikia "Halafu?" kutoka kwa wanafunzi wake, aligeuza mazungumzo.

Mwishoni mwa mwaka 1978 alianza kuumwa figo. Alilazwa hospitalini Korogwe, na asubuhi ya tarehe 3 Juni 1979 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Siku zake za mwisho alimwambia mkewe, "Mkisoma wasifu wangu siku ya kunizika, msiseme kazi yangu niliimaliza. Semeni mwanamke yule alibaki."

Kwa hiyo tunasema, mbele yenu nyote: katika hadithi aliyoitunga Mwalimu Filemoni Hiza, magari yaliondoka, na mwanamke yule alibaki na mwanawe.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, ndugu wanne, wanafunzi wengi, na Bibi Mwantumu Sadala, aliyesafiri kutoka Misima na yuko nasi hapa kaburini.

Bwana ampokee mtumishi wake, amsamehe, na ampe pumziko lenye amani. Amina.