Paja la Mjomba na Mzigo wa Kilo Mbili

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali manne, kati ya cherehani ya Inchi na kibanda cha Kiraka, fundi viatu. Kila Jumamosi asubuhi, kahawa ikishamiminwa, Mjomba hukunja suruali hadi juu, Inchi huvuta tepu yake shingoni, na kijiwe kizima husogea karibu kama kinasubiri hukumu. Mjomba ni fundi paa. Miezi minne iliyopita aliteleza kwenye bati, akapasuliwa goti, paja likanywea hadi likawa kama la kuazima. Tajiri wake amempa mwezi mmoja: apande paa, au nafasi aichukue mwingine. Ndiyo maana mpwa wake wa chuo, ambaye kijiwe kimembatiza Wakili kwa kuwa hajapata kushindwa hoja, huja kuisoma tepu kwa macho yake mwenyewe.

— Kumi na tisa! — Inchi alitangaza. Akapima tena. — Kumi na tisa kamili! Wiki sita nyuma ilikuwa kumi na nane. Nimemshonea huyu miaka ishirini, paja lake nalijua kuliko mkewe.

— Na mzigo ni ule ule? — aliuliza Kiraka.

— Kilo mbili, — Mjomba alijibu kwa sauti ya chini, kama anayeungama. — Kule kliniki dada wa mazoezi ananifunga mkanda wa upepo hapa pajani, kama ule wa kupimia presha. Damu inaingia kwa shida, kutoka ndiyo inachelewa kabisa. Nanyanyua mara thelathini, napumzika kidogo, kumi na tano, tena, tena. Ikifika ya mwisho natetemeka kama nimebeba nguzo ya umeme.

— Kilo mbili! — Inchi alishangaa. — Kichanga kinazaliwa na zaidi!

— Mimi nimeshaelewa, — Kiraka akasema. — Damu nzito kuliko maji. Ikizuiwa inaganda, ikiganda inakuwa nyama. Ini ni nini kama si damu iliyoganda?

— Ini ni ini! — Wakili aliruka.

— Tulia, binti, — Inchi akaingilia. — Mwili ni mwenye nyumba. Damu imejaa sebuleni, mlango wa nyuma umebanwa, afanyeje? Anaongeza chumba! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kwa hesabu hiyo, mzee wangu, — Wakili akajibu, — tukufunge shingo uongezeke akili.

Benchi zima lilicheka. Kiraka hakucheka, alikuwa ameingia kibandani, akatoka na ukanda wa mpira wa baiskeli.

— Kliniki anafungwa mara mbili kwa wiki. Huu asubuhi, mchana, jioni! Kama haba na haba hujaza kibaba, debe kwa debe si litajaza ghala? Lete mguu.

Na Mjomba akaleta mguu. Hilo ndilo lililomchoma Wakili: mtu mzima aliyewahi kumkemea kwa kuvuka barabara bila kutazama, ananyoosha mguu wa kupasuliwa kwa fundi viatu. Kiraka alizungusha mara tatu, akakaza vile anavyokaza soli mpaka gundi ishike.

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Ana miaka hamsini na mbili, mbichi wapi? Fungua!

Vidole vya mguu vilishaanza kuwa na rangi ya zambarau. Wakili alinyakua mkasi wa Inchi.

— Yule dada wa mazoezi alisikiliza mshipa kwa mashine kwanza, akajua presha ipi inaziba kabisa, akaweka pungufu ya hapo. Wewe umesikiliza nini, redio? Damu ikiganda kweli humo ndani, atakayezikwa ni mjomba wangu, si mpira wako!

Akakata. Wekundu ukarudi polepole.

— Mwezi ni wangu, mama, — Mjomba alisema. — Unaisha.

— Najua, mjomba. Lakini kilo mbili zimerudisha inchi nzima. Ajabu kama hiyo haipigwi kiboko ikimbie.

Hapo ndipo mama mmoja mchukuzi, aliyekuwa ametua gunia pembeni akingoja kahawa, alipojipangusa uso.

— Samahanini, sikusudii kudakia. Mimi nabeba kilo hamsini tangu jua halijachomoza, mwaka wa kumi na moja huu. Paja langu linaisha tu, tazameni. Yeye kilo mbili, lake linarudi. Mguu unajuaje?

Wakili alifungua kinywa. Alikuwa na hoja tatu, zote alizisoma, na hata yule dada wa mazoezi alishamwambia mabingwa wenyewe bado wanabishana ni kwa nini. Lakini alipoutazama mguu mwembamba wa yule mchukuzi hakuona hoja ya kumpa.

— Kaa hapa, mama, — Mjomba akasema, akainuka kumpisha.

Aliinuka tu. Hakushika ukuta, hakushika bega la mtu, kama alivyozoea tangu apasuliwe. Watu waligundua alipokwisha kusimama, na yeye wa mwisho, akiliinamia goti lake kama mtu aliyeitwa jina asimwone aliyemwita.