Siku Makena Aliposhusha Maziwa

Kanisa, naona mko macho. Mimi pia niko macho, nimesimama kwa miguu yangu miwili, nimeoga, na leo ni Jumapili asubuhi. Kuna wakati maneno hayo yote hayangekuwa kweli kwa pamoja. Kwa hivyo kabla sijasema lingine namshukuru Mungu, na ninyi nisaidieni kumshukuru.

Mwenyekiti wa vijana aliniomba niongee na hawa wetu wanaofungua kolegi wiki ijayo. Akaniambia niseme ukweli lakini nisiwatishe sana. Nimejaribu kutenganisha hayo mawili nikashindwa, wazazi mtanivumilia. Majina ya watu sitataja. La ng'ombe nitataja, kwa sababu yeye hana la kuficha.

Wengi hapa Kanyakine mnanijua kama daktari wa ng'ombe. Mnanipigia simu ng'ombe akikataa kula, nakuja na pikipiki na viatu vyangu vya gambuti. Lakini wako wazazi hapa wanaokumbuka kijana mwingine, aliyeshushwa pale stendi akitoka Embu, amefunikwa leso ya mama yake, hawezi kuinua macho kusalimia watu. Huyo ndiye nataka mjue leo.

Nilienda Embu kusomea afya ya mifugo. Nilitoka hapa nikiwa mtoto wa kwaya, pombe naijua kwa harufu tu. Nikapanga chumba mtaa wa Majimbo pamoja na kijana mmoja wa kutoka Muthara. Ni mtu mzuri, nataka mlijue hilo mapema. Kwao wanalima miraa. Kila alipotoka nyumbani alirudi na miraa mbichi imefungwa kwa majani ya ndizi, na aliwacheka sana watu wa Embu na muguka yao, ile miraa ya majani matupu, eti wanatafuna ua wa boma. Chumba chetu kikajulikana. Ijumaa masomo yakiisha vijana wanajaa, yeye anatoa miraa, wengine wanaleta chupa.

Sasa ninyi mnaoenda kolegi, wacheni simu kidogo. Watu wa huku tunajua miraa inafukuza usingizi. Kile hatukujua, ama hatukutaka kujua, ni kwamba haifukuzi pombe. Mtu wa kawaida akizidisha, mwili unamwangusha, analala, anaacha kunywa. Sisi tulitafuna, macho yakabaki wazi, mdomo ukabaki unaongea siasa, na tukaamini hatujalewa. Basi tunaongeza. Tulikuwa hata tunajisifu kwa wenzetu kwamba mtu wa Meru halewi. Ndugu zangu, nawaambia, tulikuwa tumelewa kuliko wote. Ni vile tu hakuna kitu kilikuwa kinatuambia.

Na hatukunywa kila siku. Hiyo ndiyo ilinidanganya zaidi. Jumatatu mpaka Alhamisi nilikuwa mwanafunzi mzuri tu. Nilijiambia mlevi ni yule mzee analala kwa mtaro, mimi ni wa wikendi. Lakini katika hiyo wikendi nilikuwa nakunywa pombe ambayo yule mzee angekunywa mwezi mzima. Baadaye hata Jumatatu ikaanza kunishinda. Kuna asubuhi tulipelekwa shambani kujifunza kudunga mtamba sindano. Nikashika bomba la sindano, mkono ukaanza kutetemeka mbele ya darasa lote. Mwalimu alilichukua akampa msichana aliyekuwa nyuma yangu. Nilisema nina malaria. Hiyo malaria yangu ilikuwa inakuja kila Jumatatu.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi mchana, jua linawaka. Mtu aliweka dau kwamba hakuna mtu wa Imenti, yaani wa huku kwetu, anaweza kumaliza mzinga, ile chupa kubwa ya pombe kali, bila kupumzika. Mimi nikajiona nimetumwa na Imenti yote, watu wa Mitunguu na Nkubu wote wako nyuma yangu. Niliimaliza. Walinipigia makofi. Nakumbuka makofi, sikumbuki kingine.

Yanayofuata niliambiwa. Nilianguka, wakanibeba wakanilaza kitandani chali, wakasema wacha alale itaisha. Wakafunga mlango kwa nje nisisumbuliwe, wakaenda kuendelea kwingine. Hawakuwa watu wabaya. Hata mimi nimewahi kumfungia mtu hivyo, nikidhani namsaidia.

Yule wa Muthara simu yake ilizima, akarudi kuchukua chaja. Alipofungua mlango alinikuta nimetapika, matapishi yamejaa mdomoni, nakoroma kwa sauti ambayo anasema mpaka leo haijamtoka masikioni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Akanigeuza kwa ubavu, akanitoa uchafu mdomoni kwa vidole vyake, akapiga nduru mpaka mama wa chumba cha tatu akatoka na kufuli mkononi akidhani ni wezi. Huyo mama ndiye alisimamisha pikapu ya mtu wa kuuza nyanya, nikapelekwa hospitali juu ya makreti.

Ukiniuliza ni nini kiliniokoa, nitasema ni Mungu. Lakini Mungu siku hiyo alitumia chaja ya simu.

Nilipofungua macho nilimwona mama yangu. Alikuwa amekuja na nguo za shamba, hata hakubadilisha. Hakunigombeza. Alinishika miguu akawa anaikandakanda juu ya blanketi, polepole, kama alivyofanya tulipokuwa wadogo tukiwa na homa. Nilitamani anichape. Nililia nikageukia ukuta.

Kolegi walinirudisha nyumbani. Mwalimu mkuu hakunifukuza kabisa. Alimwambia mama kwamba akiona nimepona anirudishe mwenyewe, asimame ofisini aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto huyu yuko sawa. Hapo nafasi yangu itakuwa ingali inanisubiri. Nilifurahi. Nilijua mama ananipenda, nikahesabu nitalala nyumbani kidogo, nimbembeleze, turudi.

Asubuhi ya kwanza nikaanza kumbembeleza. Mama alikuwa anasuuza ndoo ya kukamulia. Akanipa ile ndoo.

"Baba," akaniambia, maana mimi nimeitwa jina la baba mkwe wake, "mimi ni mama. Nikikuhurumia ninaweza kukudanganyia mbele ya huyo mwalimu. Makena hadanganyi mtu. Siku atakupatia maziwa yote kwa mikono yako, nitavaa viatu twende Embu."

Makena ni ng'ombe wetu. Akina Makena mlioketi hapa, mnisamehe, mama yangu ndiye alimpa jina. Nilicheka. Mimi, mwanafunzi wa afya ya mifugo, mtoto niliyekamua tangu nikiwa shule ya msingi, ndio niogope ng'ombe wa kwetu? Nikakaa kwa kigoda cha kukamulia, nikamshika. Akageuza kichwa akaninusa. Akarusha teke, ndoo ikaenda mpaka kwa majani ya nepia.

Mama alikuja akakamua. Kwake maziwa yalishuka kama kawaida.

Ninyi wafugaji mnajua jambo hili. Ng'ombe akiwa na wasiwasi anaficha maziwa, utavuta mpaka jioni. Mkono unaotetemeka unamtia wasiwasi. Jasho la mtu aliyejaza mwili pombe, hilo nalo analisikia kabla yako. Makena hakuwa na upako wowote, tusimfanye malaika. Alikuwa ng'ombe tu, na alikuwa ananikataa kwa haki.

Na sitawaficha, sikuacha siku hiyo. Nilikuwa nashuka hapa sokoni jioni kwa marafiki, naonja kidogo, natafuna majani ya mpera nikirudi ili mama asisikie harufu. Mama labda hakusikia. Asubuhi nikikaribia zizi, Makena anaanza kupiga miguu chini. Nikamchukia huyo ng'ombe. Nilimwambia mama amuuze, amezeeka, ana tabia mbaya. Mama akasema, "Makena hajabadilika." Akaendelea kumenya ndizi.

Hilo neno lilinichoma. Nilienda nikasimama kwa zizi peke yangu. Nilimwangalia yule ng'ombe ambaye nilimshika akizaliwa, nikamfundisha kunywa maziwa kwa ndoo kwa kumnyonyesha vidole vyangu hivi. Ananiogopa. Mnyama niliyemlea ananiogopa, na mimi nataka kuwa daktari wa wanyama. Hapo ndipo nilianguka, kanisa. Si Majimbo. Majimbo nilianguka mwili.

Siku hiyo nilienda zahanati. Kuna nesi pale, wengi mnamjua, nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisema kwa sauti, kwamba nikianza sijui kusimama. Hakushangaa hata kidogo. Alinipa maji, akanieleza mwili utalalamika vipi nikiacha, na nirudi kwake lini. Kisha akanielekeza kwa wanaume wanaokutana Alhamisi katika chumba cha Sunday school, hapa hapa nyuma. Niliwakuta wameketi kwa viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, wazee wazima. Nilipomaliza kuongea, mmoja aliniambia hata yeye kuku walikuwa wanamkimbia. Nilicheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka bila chupa kwa muda mrefu.

Nikaendelea kukaa kwa kigoda kila asubuhi. Mwanzo Makena alinipa ya kuchafua ndoo tu. Baadaye ya kikombe. Nikajifunza kumsubiri, kumwimbia zile nyimbo za kwaya za sauti ya tatu, maana kwaya sikuwa na uso wa kurudi. Mkono ukatulia polepole. Chakula kikaanza kuwa na ladha.

Halafu ikaja asubuhi moja ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwa migomba. Nilimpaka mafuta kwenye chuchu nikaanza. Akageuza kichwa, akaninusa, akarudi kwa majani yake akaanza kutafuna. Na maziwa yakashuka. Yakashuka kwa mikono yote miwili, povu likapanda, ndoo ikawa inaimba, wazazi mnajua ule mlio. Nilikamua nikilia, sioni ndoo. Nikamaliza mpaka tone la mwisho, akasimama tu ametulia.

Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Na alikuwa amevaa viatu vya kanisa.

Kumbe alikuwa ameshasikia ule mlio akiwa jikoni.

Tulifika Embu, mama akasimama ofisini kama alivyoambiwa. Akaeleza habari ya Makena mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kimeru, bila aibu. Mwalimu mkuu alimsikiliza, akavua miwani akaipangusa. Akasema katika miaka yake yote ya kufundisha mifugo hajaletewa shahidi mzuri kama huyo. Nikarudi darasani. Ile sindano iliyonipita, safari hii niliidunga, na mtamba hakushtuka.

Nilimaliza, jamani. Nilivaa gauni la kuhitimu, mama akavaa viatu vile vile.

Namshukuru huyo mama. Namshukuru nesi, na wanaume wa viti vidogo, ambao Alhamisi hii tunakutana tena. Namshukuru mama wa chumba cha tatu na yule mwenye nyanya, sijui nyanya zake ziliishia wapi. Na wa Muthara, aliyeingiza vidole mdomoni mwangu, yeye aliacha pombe siku ile ile, akaacha na kutafuna. Ametoka kwao mapema leo, ameketi hapa ndani. Sitamwonyesha, anaona haya.

Vijana, sina mahubiri. Mwenzako akizidiwa usimfungie mlango umwache alale. Mgeuze kwa ubavu, kaa naye, ita watu, mpeleke hospitali hata kama mtaulizwa maswali. Na ukiona wale waliokulea wameanza kukuogopa, usiseme wao ndio wamebadilika. Rudi nyumbani mapema. Hatutakucheka.

Nimeambiwa chai iko tayari pale nje. Maziwa ni ya mtoto wa Makena, nimekamua mwenyewe kabla ya kuja. Ninyi wa kolegi mtatangulia kwa foleni, na mimi ndiye nitawamiminia, vikombe vijae mpaka juu. Angalieni mkono.