Mnyambuliko wa Neno Pumua

Mwalimu Demetria, kabla sijawasalimia wageni kwa vyeo vyao kama itifaki inavyotaka, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata wewe. Siku ile ya mwezi wa nne nilipoanguka mstarini, wenzangu wakanibeba hadi chumba cha matroni huku shule nzima ikisema nimepandisha jini, mimi sikuwa nimepoteza fahamu. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilimsikia aliyesema nimwagiwe maji, nikamsikia na aliyekataa, eti jini la baharini likiona maji ndiyo kwanza linafurahi. Nilijua kabisa kilichoniangusha. Ilikuwa hofu, kwa sababu nilikuwa nimeitwa mbele kusoma taarifa ya habari. Lakini nilinyamaza. Mwenye jini huonewa huruma na mwenye hofu huchekwa, nami nikaona afadhali nionewe huruma.

Sasa nasalimia. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwakilishi wa Afisa Elimu. Mkuu wa Shule yetu, Mwalimu Sadallah. Walimu wangu wote. Wazazi na walezi. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wanafunzi mnaobaki. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Jina langu ni Tunu Mfaume. Mkiona karatasi hii inatikisika, msiitafute feni. Ni mkono wangu, nami nitasoma hivyo hivyo.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya kidato cha nne waliomaliza mwezi uliopita, juu ya kile ambacho Mwalimu Demetria ametuachia kuhusu afya ya miili na akili zetu, leo anapostaafu. Wapo wengi wanaojua kusema kuliko mimi. Nilipomuuliza Mkuu wa Shule kwa nini amenichagua, alinijibu, "Kwa sababu wengine wataongea tu." Sikumwelewa vizuri, lakini mkubwa akisema hivyo, unaitikia.

Ndugu wageni waalikwa, yule anayeanguka mara moja husameheka. Mimi nilianguka mara ya pili wakati wa jaribio la Hesabu, na hapo mambo yakawa makubwa. Darasani nilipata jina. Mashaka, ambaye leo amekaa pale nyuma na anajifanya hanisikii, alikuwa akisema, "Jamani, hili jini la Tunu limesoma! Kwenye Michezo halionekani, likisikia Hesabu hilo linakuja mbio." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu usipocheka wanazidi.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Mama yangu ana genge huku huku Temeke, na wengi wenu mnanunua nyanya kwake. Ndugu walishamwambia kuna fundi mzuri wa majini huko Mbagala, lakini matibabu yake ni ya miezi, na katika miezi hiyo mgonjwa haendi shule. Mama akakata shauri. Nitolewe, nitibiwe kwanza, mtihani nije kuufanya mwaka mwingine kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Ni mzazi gani angetulia akimwona mtoto wake mikono inakufa ganzi na pumzi inakata, halafu aambiwe asubiri? Lakini mwaka mwingine, ndugu zangu, kwa msichana wa genge, ni mbali sana. Nilijua nikitoka darasani nitakuwa nimetoka.

Hapo ndipo Mwalimu Demetria alipokuja gengeni. Nami nilikuwepo, nachambua mchicha, kwa hiyo ninayoyasema niliyasikia kwa masikio yangu.

Mama alimwamkia, "Shikamoo Mwalimu. Karibu nyanya, leo zimeshuka."

"Marahaba, Mama Tunu. Nipimie sado moja. Na nimekuja kwa ajili ya huyu."

"Huyu shule basi tena, Mwalimu. Mie sikusoma, lakini macho ninayo. Mtoto anatetemeka, anaishiwa pumzi, anaanguka. Nyie mnaliitaje hilo?"

"Mimi naliita hofu."

"Hofu?" Mama akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Hofu ya nini, na ubwabwa anakula?"

Mwalimu hakucheka, ingawa nilimwona anajizuia. Wala hakumwambia Mama kwamba anachoamini ni ujinga. Alimwambia, "Mpeleke kwanza hospitali, wampime moyo, wampime damu. Tusimtibu mtu kwa kubahatisha, wewe wala mimi." Tukaenda sote watatu. Daktari akapima kila cha kupimwa, akasema sina ugonjwa wa moyo wala upungufu wa damu, kinachonisumbua ni wasiwasi uliozidi. Tulipotoka nje Mama akamwambia Mwalimu, "Umesikia? Hana ugonjwa. Basi ndiyo kabisa, ni jini!"

Mwalimu akarudi gengeni, akanunua tena nyanya. Sijui zile nyanya zote alizipeleka wapi. Akamwomba Mama anipe nafasi, kuna zoezi la kukaa na kutuliza akili angependa anifundishe. Mama akashtuka. "Kukaa umefumba macho? Hiyo si ibada ya watu huko? Mwalimu, sie ni Waislamu."

"Najua, Mama Tunu. Ukishamaliza kuswali, unainuka hapo hapo?"

"Hapana. Nakaa kidogo."

"Ile hali ya kukaa kidogo unaijua. Sala ni yako na Mungu wako, siigusi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nitamfundisha mnyambuliko tu."

Mama akafikiri, kisha akatoa hukumu yake, na mpaka leo naikumbuka neno kwa neno: "Haya. Ila akianguka tena hata mara moja, namtoa. Na hayo ya mnyambuliko nyumbani kwangu sitaki kuyasikia."

Waheshimiwa, hilo ndilo lililokuwa juu ya kichwa changu tangu siku ile hadi mwezi wa kumi na moja. Mara moja tu.

Naomba niwaeleze zoezi lenyewe, maana hata nyumbani mnaweza kulifanya na haliombi vifaa. Mwalimu aliandika ubaoni, mbele ya darasa zima, neno *pumua*, akatuambia tulinyambue. Tukamtajia pumulia, pumuliana, pumulisha. Akauliza, "Na *pumzi* je? Na *pumzika*? Hamuoni wote ni wa ukoo mmoja? Wazee waliotuachia lugha hii walijua kwamba mtu hapumziki mpaka apumue. Sasa leo hatuandiki. Leo tunanyambua kwa mwili." Tukakaa wima, miguu chini, mikono juu ya mapaja. Unavuta pumzi taratibu kwa pua, unaitoa taratibu zaidi, na inapotoka unasema neno moja moyoni. Pumua. Pumzi nyingine, pumulia. Nyingine, pumzika. Ya mwisho, pumzisha. Kisha unarudi mwanzo. Mawazo yakikutoroka, na yatatoroka, usiyagombeze. Unarudi kwenye neno ulipoliacha, basi.

Siku ya kwanza darasa lilikuwa kama soko. Mtu akifumba macho mwenzake anamfinya. Halafu jirani na shule pale wanapoosha magari wakafungulia muziki wa singeli, dirisha likawa linatetemeka. Mmoja wetu akalalamika, "Madam, hapa hamna kimya." Mwalimu akamjibu, "Na kimya Temeke tutakipata wapi? Sikuahidi kimya. Nimesema utulivu. Kimya ni cha nje, hicho anacho jirani akipenda. Utulivu ni wako." Mimi ni mtu wa kukaa kimya tangu utotoni, na wengi hudhani mtu wa hivyo ametulia. Nilipoyasikia maneno yale nilitaka kulia, kwa sababu nilikuwa na kimya kingi sana na utulivu sikuwahi kuwa nao.

Mwalimu alimwalika nesi wa zahanati aje atueleze, ili tusidhani ni mambo ya kuambiana tu. Nesi alisema mtu akiogopa, mwili hujiandaa kukimbia: moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Mwili hautofautishi simba na swali la Hesabu. Pumzi ndefu inayotoka polepole huuambia mwili kwamba hakuna wa kumkimbia. Alisema mazoezi hayo yakiwa ya kila siku, usingizi huja vizuri zaidi, maumivu ya kichwa yanayotokana na mawazo hupungua, na hata hasira hupata breki. Alisema pia kutembea kwa miguu, kulala kwa wakati na kuzungumza na mtu unayemwamini vinasaidia. Na alionya, nami naomba niwaonye kama yeye, kwamba hii haichukui nafasi ya dawa, na mtu aliyezidiwa na huzuni au hofu aende hospitali asione aibu.

Je, nilipona siku ile? Hapana. Nisiwadanganye wadogo zangu. Wiki za mwanzo nilikuwa nikifumba macho naona giza na Hesabu humo humo gizani. Nilifanya hivyo hivyo, asubuhi kabla ya kuchota maji na jioni kabla ya kupika, kwa sauti ya chini kwa sababu ya sharti la Mama. Kidogo kidogo nikaanza kulala. Kisha nikaanza kuitambua hofu inapokuja ikiwa bado iko mbali, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo kabla hujauona uso wake.

Ikafika siku ya mtihani wa Hesabu. Msimamizi akasema fungueni karatasi. Nikafungua, nikasoma swali la kwanza, na vidole vikaanza kufa ganzi. Pumzi ikakata. Nikaona sakafu inanijia. Nikawaza, Mama yuko gengeni sasa hivi, na jioni ataambiwa. Nikaweka kalamu chini. Miguu chini, mikono mapajani. Pumua. Haikuja. Pumua. Ikaja robo. Wenzangu wanaandika, nasikia karatasi zinafunuliwa, na mimi nimekaa tu. Msimamizi akaja akainama, akaniuliza, "Binti, unaumwa?" Nikamwambia, "Hapana, napumua." Akanitazama, akaenda zake. Nilizunguka maneno yale manne sijui mara ngapi. Nilipoishika tena kalamu, muda mwingi ulikuwa umekwenda, na yapo maswali sikuyagusa. Lakini sikuanguka, na mitihani yote nikaimaliza nimekaa kwenye kiti changu.

Matokeo hayajatoka. Sijui nimepata nini, na huenda Hesabu ikanisema vibaya. Lakini Mwalimu Demetria, nilifika. Kama ungeishia kununua nyanya mara ya kwanza, nisingekuwepo ndani ya chumba kile. Tulipotoka nje, Mashaka alinivuta pembeni akaniambia, "Sista, usimwambie mtu, ila na mie nimenyambua." Samahani Mashaka, nimesema.

Mwalimu, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa, kwa sauti yako ambayo haikuwahi kupanda hata tulipostahili, na kwa kutomfanya yeyote kati yetu ajione mjinga kwa kuogopa. Tunamshukuru Mwalimu Sadallah kwa kuziacha zile dakika chache za zoezi hili kila asubuhi ziwepo kwenye ratiba, na tunamwomba zisistaafu pamoja na wewe. Nami namshukuru mama yangu, aliyenipa nafasi wakati moyo wake ulikuwa hautaki. Leo ni Jumamosi, siku ya biashara, hakuweza kuja, lakini machungwa yaliyo mezani kwenu ametoa yeye.

Na kwa kuwa hayupo, ninalo la mwisho.

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya genge napanga vitunguu. Mteja mmoja alizitomasa nyanya zote, akasema zimeoza, akatutolea na maneno mabaya, akaondoka bila kununua. Mama yangu mnamjua. Presha anayo, na ulimi anao. Nikajikunyata nikisubiri mtaa usikie. Badala yake Mama akainama chini ya meza kama anayetafuta mifuko. Akakaa huko huko. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo sana: "Pumua... pumulia... pumzika..." Akakwama. Akaanza upya, "Pumua... pumulia... pumzika..." Akakwama pale pale. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia. Akanikuta namtazama, akasema, "Unashangaa nini wewe? Mifuko imeisha." Mifuko ilikuwa inaning'inia usawa wa pua yake.

Nadhani maneno aliyaokota kwangu nyumbani, nyuma ya pazia, na lile la nne halikumfikia kwa sababu nilikuwa nalisema sauti imeshaisha. Juzi zahanati wamempima, presha imeshuka kidogo. Yeye anasema ni kupunguza chumvi. Huenda ni chumvi, na vidonge vyake anaendelea kumeza kama alivyoelekezwa.

Waheshimiwa, ndugu wageni waalikwa, mkitoka hapa wengi mtapita gengeni kwake. Nunueni, msalimieni, mwambieni mtoto wake amesoma karatasi mpaka mwisho. Lakini hili la chini ya meza, nawaomba kwa heshima zote, msimwambie. Alishaapa mbele ya watu kwamba mambo haya hayataki, na akijua tunajua, ataacha. Ila wewe Mwalimu, sasa una nafasi, na nyanya unazipenda. Siku moja ukipita kwake, mkiwa mnazungumza mengine kabisa, mdondoshee lile neno la nne kana kwamba limekutoka tu.

Asanteni kwa masikio yenu, na zaidi kwa midomo mtakayonifungia.